Mdahalo Usio na Majibu

 Leo nataka tuzungumze kuhusu mdahalo wa Ijumaa alasiri katika shule zetu za sekondari. Kama umesoma sekondari hapa Tanzania, huhitaji kuelekezwa. Vipindi vimekwisha, viti vinatolewa madarasani na kupelekwa bwaloni, na pasipo na bwalo vinapangwa chini ya mwembe. Mbele kuna meza ya mwenyekiti, katibu na daftari lake, mtunza muda na kengele yake. Upande huu wanakaa wanaounga mkono hoja, upande ule wanaopinga. Hoja yenyewe imebandikwa kwenye ubao wa matangazo tangu Jumatatu, na hakuna asiyeijua, maana ilijadiliwa mwaka jana, na kaka zao na dada zao waliijadili kabla yao: elimu ni bora kuliko fedha. Wiki ijayo itakuwa maisha ya kijijini na maisha ya mjini. Wiki itakayofuata, mwalimu na daktari, nani bora. Na yote hayo kwa Kiingereza.

Anasimama msemaji wa kwanza. Anawasalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda, walimu na wanafunzi wenzake, kwa utaratibu ule ule na maneno yale yale yanayotumika karibu kila shule. Halafu anaanza kumwaga aya alizozimeza usiku wa kuamkia leo. Anamaliza, anapigiwa makofi. Anasimama msemaji wa upande wa pili, naye anamwaga zake, naye anapigiwa makofi. Ukitega sikio vizuri utagundua kwamba huyu wa pili hajagusa hata neno moja la yule wa kwanza. Mwenzake amesema fedha isiyo na elimu haikai; yeye hakulikubali wala hakulikataa. Hata kama angetangulia yeye kuzungumza, hotuba yake ingekuwa ile ile, bila kupungua wala kuongezeka.

Nimefundisha Kiingereza sekondari, nimekaa na majaji wa midahalo mara nyingi, na ninalisema hili kwa uchungu: shughuli ile tunayoiita mdahalo, mara nyingi ni vijana wanne wanaokariri kwa zamu. Bidii wanayo, nidhamu wanayo, na wengine wana sauti za kuvutia kweli kweli. Hawafundishwi kujibu. Na mdahalo ni kujibu. Mtu amesema jambo. Umelisikia, umelielewa, umelipima, na sasa unasimama kumwambia yeye, mbele ya watu, wapi amekosea na wapi amesema kweli. Ukiliondoa hilo, unabaki na hotuba mbili zilizowekwa jirani.

Tuangalie chanzo chake. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili, na ndivyo ilivyo tangu 1967. Anaingia kidato cha kwanza, anapewa kozi fupi ya kumwandaa, kisha anatakiwa asome baiolojia, jiografia, historia na hesabu kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, ile iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na wakaeleza bayana kwamba wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Ushauri wao ulikuwa Kiingereza kitiwe nguvu, na hapo ukazaliwa mradi uliogharimiwa na Uingereza wa kupeleka vitabu vya kusoma mashuleni. Wasomi wetu wenyewe, akina Martha Qorro na Casmir Rubagumya, wameliandikia suala hili miaka nenda miaka rudi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Na bado sekondari tunafundisha kwa Kiingereza.

Sikusudii jioni hii kuufungua upya mjadala wote wa lugha ya kufundishia. Nakuomba uangalie kipande chake kimoja tu, yaani hali hiyo inamfanya nini kijana aliyesimama Ijumaa alasiri mbele ya wenzake mia tatu. Kujibu papo kwa papo kunataka maneno yaje bila kuitwa. Kijana ambaye kila sentensi ya kimombo anaijenga kwanza kichwani kwa Kiswahili, halafu anaigeuza, halafu anaikagua isije ikawa na kosa, hawezi wakati huo huo kumsikiliza mpinzani wake. Akili haina nafasi hiyo. Kwa hiyo anafanya kinachowezekana: anaandika hotuba yake bwenini, anamwomba kaka wa kidato cha sita amsahihishie, kisha anaimeza. Simlaumu hata kidogo. Kumeza ndiyo njia aliyoiona ya kujiokoa.

Na ukumbi mzima unamsubiri ateleze. Akikosea kitenzi kimoja cha wakati uliopita, kicheko kinalipuka kutoka nyuma mpaka mbele. Aliyechekwa hivyo akiwa kidato cha pili, hasa akiwa msichana, anaweza asisimame tena mpaka amalize shule. Nimewaona wasichana wenye akili kali wakijitolea kuwa makatibu wa mdahalo kila wiki, kwa sababu katibu anaandika na hatakiwi kusema. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu kuzikomboa akili za Waafrika, alisimulia jinsi mtoto aliyekutwa akisema Kikuyu shuleni alivyochapwa, au akavishwa bamba la chuma shingoni lenye maandishi ya kumtukana. Hayo yalikuwa Kenya ya wakoloni. Mabamba yameondoka, lakini kicheko cha ukumbini kinafanya kazi ile ile, na kinatoka kwa watoto wenyewe, na walimu tunakiachia.

Halafu kuna mtihani, na shule zetu zinafundisha kinachopimwa. Kwa miaka mingi karatasi ya Kiingereza ya kidato cha nne hapa kwetu imekuwa ya kuandika: ufahamu, muhtasari, sarufi, barua, na mwishoni maswali ya vitabu vya fasihi. Mtahiniwa hafungui kinywa. Majirani zetu wa Kenya walijaribu kuliingiza suala la kuzungumza katika mtihani wao wa KCSE. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na kati ya hizo 30 ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza. Ila alama hizo 30 nazo zinatafutwa kwa kalamu. Mtoto anaweza kuulizwa, kwa mfano, angefanya nini kuonyesha kwamba anamsikiliza mwenzake. Anaandika kwamba angemtazama usoni na kutikisa kichwa, na anapata alama zake bila kumsikiliza mtu yeyote. Nawaheshimu walimu wa Kenya kwa kujaribu, na naelewa ugumu wa kuwapima mamia ya maelfu ya vijana mmoja mmoja kwa mdomo. Lakini tuseme ukweli, mtihani wa namna hiyo unampa mwalimu sababu ya kuandika ubaoni orodha ya kanuni za uzungumzaji na kuwaambia wanafunzi wainakili.

Na mwalimu huyo tumwonee huruma. Tangu ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ilipofutwa katika shule za serikali, mwaka 2016, watoto waliokuwa wanabaki nyumbani wameingia darasani, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Madarasa yamejaa. Kipindi kimoja ni dakika 40. Weka wanafunzi 80 mbele ya mwalimu mmoja, mwambie ampe kila mmoja nafasi ya kuzungumza, naye mwenyewe akae kimya kabisa: kila mtoto anapata nusu dakika. Ndiyo maana vipindi vya kuzungumza vinaishia kwenye kuitikia kwa pamoja. Mwalimu anasema, darasa linarudia.

Lakini nusu dakika ni hesabu ya darasa linalozungumza mmoja mmoja, wote wakimtazama mwalimu. Wakae wawili wawili, mmoja akisema kwa dakika mbili na mwenzake akijibu kwa dakika mbili, na hapo wanafunzi 40 wanazungumza kwa wakati mmoja. Kelele itakuwepo, tena kubwa. Mkuu wa shule atapita dirishani na kudhani mwalimu hayupo. Aelezwe. Na wale wasichana wa madaftari, wanapokuwa na msikilizaji mmoja badala ya mia tatu, wanazungumza. Hili nimeliona kwa macho yangu, na ni jambo lililonifurahisha kuliko kombe lolote la mdahalo.

Wenzetu waliolifikiria suala hili kwa undani wameweka kujibu katikati ya kila kitu. Chukua mashindano ya dunia ya mdahalo kwa shule za sekondari, yaliyoanzia Australia mwaka 1988. Kila upande una wasemaji watatu, kila mmoja ana dakika nane. Dakika ya kwanza na ya mwisho hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Lakini kati yake mpinzani anaweza kusimama, na msemaji akimkubalia, anauliza swali ambalo lazima lijibiwe pale pale. Baadhi ya hoja zinatangazwa saa moja tu kabla ya mdahalo, kwa hiyo hakuna cha kumeza. Na kadiri msemaji anavyokuja nyuma kwenye orodha, ndivyo hotuba yake inavyotakiwa kuwa ya majibu zaidi. Yule wa tatu karibu kazi yake yote ni kujibu. Mwishoni kila upande unapewa dakika nne za kueleza, baada ya yote yaliyosemwa, hoja gani zilibaki zimesimama na zipi zilianguka. Mtoto aliyekariri hawezi kuokoka katika utaratibu huo hata awe na ung'eng'e wa namna gani.

Najua kuna wanaosema kubishana mbele ya watu ni mila za Wazungu, sisi tunaheshimiana. Siafiki, na historia ya lugha yetu haiafiki. Mombasa ya mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mji ukiwa chini ya Wamazrui na Seyyid Said wa Omani akiutaka, Muyaka bin Haji alikuwa akitunga mashairi ya kuwajibu mahasimu wa mji wake na washairi wenzake. Shairi la upande wa pili lilijibiwa. Jibu lilipaswa kuingia katika hoja ya mwenzako, kulichukua fumbo lake na kulifumbua, la sivyo wasikilizaji wangejua umekwepa. Baada yake, gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, washairi walipata uwanja mpya. Mmoja anauliza kwa mashairi, mwingine kutoka wilaya ya mbali anamjibu kwa mashairi, wa tatu anaingia kuwaamua. Walikuwa wakitajana majina na kuheshimiana. Malumbano yale yalikuwa shule ya kujibu, na waliosoma humo wengi hawakuvuka madarasa machache.

Baadaye, baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala aliziinua ngonjera, na zikaenea shuleni. Watoto wawili, au makundi mawili, wanasimama na kupingana kwa mashairi. Mmoja hajui, mwingine anajua, na mwisho asiyejua anaelimika na kushukuru. Zilikuwa na kazi yake wakati ule, kuwafikishia watu siasa ya nchi yao kwa njia inayovutia, na sizidharau. Ila katika ngonjera neno la mwisho limeandikwa kabla ya neno la kwanza kusemwa. Anayepingwa ameshakubali kushindwa tangu kwenye mazoezi. Ninavyoona mimi, mdahalo wetu wa shule umechukua umbo la ngonjera na kuliacha lile la malumbano, na hapo ndipo tulipopoteza kitu.

Mwalimu Nyerere mwenyewe aliieleza demokrasia ya Kiafrika kuwa ni wazee kukaa chini ya mti mkubwa na kuzungumza mpaka waafikiane. Watu huyachukua maneno hayo kuonyesha kwamba sisi hatupingani. Mimi nayasikia kwa namna nyingine. Kuzungumza mpaka muafikiane ni kazi ngumu kuliko kupiga kura, maana huwezi kumfikisha mwenzako kwenye maafikiano kama hukusikia kinachomzuia. Na Nyerere aliyajua haya kwa kuyatenda. Akiwa shuleni Tabora alishiriki midahalo ya wanafunzi. Akiwa Makerere, mwaka 1944, alipata zawadi ya kwanza katika shindano la uandishi la Afrika Mashariki kwa insha iliyochukua fikra za Mwingereza John Stuart Mill kuhusu kutiishwa kwa wanawake, akazipima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki, watu wake mwenyewe. Kijana wa Butiama amesoma kitabu cha Kiingereza, amekielewa, na amekitumia kuhoji jambo la nyumbani kwao. Hicho ndicho ninachokitaka kwa watoto wetu wanapojifunza Kiingereza, na hakipatikani kwa kujadili kama fedha ni bora kuliko elimu.

Vitabu vya kuanzia tunavyo tayari. Karibu kila aliyepita kidato cha tatu na cha nne miaka ya karibuni anaijua tamthilia ya Guillaume Oyônô-Mbia wa Kamerun, ile ya wachumba watatu na mume mmoja. Juliette anarudi nyumbani kutoka shule na kukuta ukoo wake umekwisha kupokea faranga laki moja kutoka kwa mkulima Ndi, kisha unapokea laki mbili nyingine kutoka kwa mtumishi wa serikali Mbia, na yeye hakuulizwa. Anampenda Oko, mwanafunzi asiye na kitu. Anazichukua zile laki tatu kwa siri, anampa Oko, na Oko anakuja kuzilipa kama mahari. Darasani tunafanya nini na kitabu hiki? Tunaandika wahusika na sifa zao, dhamira na ujumbe, wanafunzi wananakili, mtihani unapita. Wakati mle ndani kuna swali linalowaka: je, Juliette alikuwa na haki ya kuzichukua fedha zile? Waulize kidato cha tatu uone. Kuna atakayesema ni wizi. Kuna atakayemjibu kwamba fedha zilitolewa kwa ajili yake, na yeye hakukubali kuuzwa. Wa tatu atauliza, je, Ndi amefanya kosa gani mpaka laki moja aliyoitoa ichukuliwe kwa siri? Hapo hakuna aliyekariri. Hapo watoto wanajibizana.

Au chukua Julius Caesar ya Shakespeare, ambayo Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na ikachapishwa mwaka 1963. Kwa mwalimu wa midahalo, tendo la tatu la tamthilia ile ni hazina. Caesar ameuawa. Brutus, mmoja wa wauaji, anapanda jukwaani kuwaeleza Warumi sababu. Anazungumza kwa nathari, kwa sentensi zilizopangwa sawasawa, anawapa sababu moja: Caesar alikuwa na tamaa ya ukuu. Watu wanakubali. Kisha Brutus anafanya jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa mdahalo anapaswa kulikumbuka daima: anamruhusu Antony azungumze baada yake, anawaomba watu wabaki kumsikiliza, halafu yeye mwenyewe anaondoka.

Antony anabaki peke yake na umati. Angalia anachofanya mwanzoni. Analichukua shtaka lile lile la Brutus, analitaja waziwazi, tena na tena, na kila mara analipima kwa jambo ambalo watu wenyewe wanalijua: Caesar alileta mateka ambao fidia zao zilijaza hazina ya Roma, aliwalilia maskini, alikataa taji mara tatu mbele ya macho yao. Hilo ni jibu kamili, na ningempa alama zote. Lakini baadaye Antony anaanza kitu kingine. Anawaonyesha wasia, halafu anakataa kuusoma, halafu anawaonyesha vazi lililotobolewa kwa visu, na umati unageuka kuwa moto unaochoma nyumba za watu. Wape wanafunzi kazi hii: onyesheni ni katika mstari upi Antony anaacha kujibu na kuanza kuchochea. Watagombana juu ya mstari huo kwa vipindi viwili, na watatoka wakijua jambo litakalowasaidia kila wakati wa kampeni za uchaguzi katika maisha yao yote. Kisha waulize lingine: kama Brutus angebaki, angejibu nini? Na wamwandikie jibu.

Kazi hiyo ningeianza kwa Kiswahili. Nalisema hili nikiwa mwalimu wa Kiingereza, na najua baadhi ya walimu wenzangu watakunja uso. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ipo, kipindi cha Kiswahili kipo. Jumanne wasome kwa Kiswahili na wajibizane kwa Kiswahili, bila kuogopa kitenzi. Ijumaa warudi kwenye hoja ile ile kwa Kiingereza. Jim Cummins wa Canada alieleza tangu miaka ya 1970 kwamba uwezo wa kufikiri na kujenga hoja mtu alioupata katika lugha yake ya kwanza hauachwi mlangoni anapoingia katika lugha ya pili, unahama naye. Mtoto aliyekwisha kumjibu mwenzake Jumanne anajua Ijumaa anataka kusema nini. Anachotafuta sasa ni maneno tu, na anayatafuta kwa hamu kwa sababu ana la kusema. Kiingereza chake kitakuwa kifupi, pengine kimevunjika hapa na pale, lakini ni chake.

Tena kuna sababu nyingine ya kumpa mdahalo wa Kiswahili, na inahusu maisha yake baada ya shule. Bunge letu linajadiliana kwa Kiswahili. Mikutano ya kijiji, baraza la madiwani, vikao vya ushirika na vya harusi, vyote ni Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Kenya nako, katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mbunge anaweza kuchangia kwa yoyote kati ya hizo. Kijana wetu atakwenda kudai mipaka ya shamba la baba yake kwa Kiswahili, atampinga diwani kwa Kiswahili, atamtetea mke wake mbele ya shemeji kwa Kiswahili. Tumemfundisha kupinga hoja katika lugha moja tu, tena ile ambayo hajaimudu.

Wazazi mnaonisikiliza, nawasikia. Mnasema mmelipia shule, mmeuza ng'ombe, mnataka mtoto azungumze Kiingereza, mwalimu huyu wa redioni anataka kuturudisha nyuma. La hasha. Nyerere huyo huyo aliyetufungulia Shakespeare kwa Kiswahili alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, na nakubaliana naye kabisa. Namtaka mwanao akijue. Lakini nenda siku moja ukamsikilize Ijumaa alasiri. Msubiri amalize hotuba yake nzuri, kisha muulize kwa Kiingereza swali moja jepesi kuhusu alichosema mwenzake. Akikuangalia tu bila kusema neno, basi Kiingereza ulichokilipia hajakipata bado.

Kuna mambo ambayo shule inaweza kuyaanza bila kusubiri waraka. Kwanza, hoja ziwe za uamuzi ambao kuna mtu kweli anatakiwa kuufanya: shule yetu iruhusu simu au isiruhusu, maji ya kisima cha kijiji yalipiwe kwa ndoo au kwa mwezi, mwanafunzi aliyejifungua arudi darasa gani. Hoja ya kwamba kitu fulani ni bora kuliko kingine haina pa kufikia, ndiyo maana inarudi kila mwaka. Pili, na hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote, asiruhusiwe mtu kumpinga mwenzake kabla ya kueleza mwenzake amesema nini, na mwenzake akatikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo hasa alivyosema. Inachelewesha, najua. Mara za kwanza mdahalo utakwenda polepole sana, kwa sababu wengi watagundua hawakusikia chochote. Majaji nao wapunguze alama za lafudhi na za mavazi, waziweke kwenye majibu. Na atakayemcheka msemaji apewe zamu inayofuata ya kuzungumza.

Ombi langu la mwisho ni kwa Baraza la Mitihani na wenye dhamana ya mitaala. Najua kumleta msahihishaji kwa kila mtahiniwa nchi nzima hakuwezekani kwa sasa. Lakini upimaji endelevu tayari upo, na alama zake zinakusanywa shuleni. Tengeni sehemu yake kwa ajili ya kuzungumza, na ndani ya sehemu hiyo mpimeni mwanafunzi kwa namna alivyomjibu mtu mwingine, siyo kwa hotuba aliyoiandaa. Mwalimu akijua kwamba alama hiyo itaulizwa, atapata muda. Wanafunzi wakijua, watasikilizana.

Na wewe mwalimu unayenisikiliza ukiwa na daftari la maandalio mapajani, hoja ya kwanza ninayo hapa: Juliette alikuwa na haki ya kuzichukua faranga laki tatu. Jumanne kwa Kiswahili, wawili wawili, dakika mbili kwa mbili. Ijumaa kwa Kiingereza, mbele ya wote. Niandikie kupitia kituo hiki unieleze walijibizana vipi, na nitayasoma majibu ya wanafunzi wako katika kipindi kijacho. Usiku mwema.